Uliza Tukujibu: Machimbo ya kokoto yakishafungwa, wanyama wanarudi?

Toleo lililopita tuliweka picha ya shimo la changarawe lililojaa maji, mbayuwayu wanaruka juu yake, na sikutegemea kama ile picha ingeleta barua nyingi hivi. Wengine mlifurahi, wengine mkasema tunapamba uharibifu. Nimezisoma zote na nimeona pande zote mbili mna hoja. Nimechukua sita ambazo zinagusa karibu kila kitu mlichouliza, na pale ambapo jibu langu ni refu naomba mnivumilie, hii mada nimeibeba moyoni muda mrefu.

Mhariri, kwenye mkutano tumeambiwa kwamba machimbo ya kokoto yakianza wanyama watahama tu, dunia ni kubwa, watapata pengine. Mbona mimi moyo hautulii? Ni kweli wanahama? (Mama wa watoto watatu)

Mama, moyo wako umeona sawasawa. Hilo neno "watahama" ndo linanisumbua kuliko yote kwenye hii mijadala, manake linasemwa kama vile kuna nyumba tupu inawasubiri mahali. Hakuna. Hapo panapoitwa pengine pana wenyewe tayari, kama pana chakula na maji basi pameshajaa, na mgeni akifika anapigana, anakosa pa kuweka kiota, anapitisha msimu mzima bila kuzaa, na hiyo hakuna mtu anayeihesabu kwa sababu mnyama hajafa mbele ya macho yetu.

Alafu hao wanaoweza kuondoka ni wachache, wenye mabawa na wenye miguu mirefu. Kobe je? Kinyonga? Konokono? Kuna vyura ambao kila msimu wa kuzaliana wanarudi kwenye dimbwi lilelile walilokulia, ukilifukia wanarudi hivyohivyo wanakuta udongo. Na kazi ya kwanza ya machimbo ni kukwangua udongo wa juu, yani ile sentimita 20 au 30 ambamo mnaishi mbegu, kuvu, minyoo, mabuu ya wadudu, vitu vyote vinavyolisha hao wakubwa. Mnyama akihama na chakula chake hakihami naye.

Na madhara hayaishii kwenye uzio wa machimbo, hilo liulize kwenye mkutano ujao. Ili wachimbe kwenye kina mara nyingi inabidi wapampu maji yatoke shimoni, na ukipampu maji ya ardhini yanashuka eneo zima la kuzunguka, kwa hiyo kijito au kidimbwi kilicho mbali kabisa na katapila kinaweza kukauka na watu wakadhani ni ukame tu. Vumbi linakaa kwenye majani. Krasha, ile mashine ya kuponda mawe, inapiga kelele kutwa nzima na ndege anategemea sauti kutafuta mwenza na kuonya watoto wake kama kuna mwewe, sasa asiposikika ni sawa na bubu. Taa za usiku zinavuta wadudu wote wanakuja kufia pale. Na tipa barabarani alfajiri na jioni, muda uleule ambao wanyama wengi wanavuka.

Sisemi msichimbe kabisa. Nyumba, barabara, hospitali, vyote vinataka kokoto, Umoja wa Mataifa unakadiria dunia inatumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka, ambazo zingetosha kujenga ukuta wa upana wa mita 27 na urefu wa mita 27 kwenda juu kuizunguka dunia yote. Ila wakikwambia watahama, waulize wanahamia wapi, na nani amekwenda kuangalia kama huko pana nafasi.

Kuna wanaosema kuchota kokoto mtoni ni afadhali kuliko kuchimba nchi kavu, kwa sababu mto unaleta nyingine kila mvua, hivyo hauishi. Naomba ufafanuzi, tumebishana sana darasani. (Mwanafunzi)

Mdogo wangu, mimi ningepewa kuchagua baya moja la kukomesha kesho ningechagua hilohilo la mtoni. Ni kweli mto unaleta kokoto, ila unaleta kwa mwendo wake, na kijiko, yani ule mtambo wa kuchimbia, kinatoa kwa siku moja kiasi ambacho mto umeleta kwa miaka.

Kinachotokea ni hivi. Ukichimba shimo katikati ya mto, maji yanapofika kwenye mdomo wa lile shimo upande wa juu yanaanguka kwa kasi, yanakula ule mdomo, shimo linaanza kupanda mto kinyumenyume, yani mmomonyoko unatembea kwenda juu, kilomita na kilomita ambako hakuna hata mtu aliyechimba. Upande wa chini nako, kokoto ambazo mto ulikuwa unazisukuma zinadondokea shimoni zinabaki humo, maji yanatoka upande wa pili hayana mzigo lakini yana nguvu zilezile, sasa yanatafuta mzigo mwingine, yanakula sakafu na kingo. Wataalamu wa mito wanayaita maji yenye njaa na mimi sijawahi kusikia jina lililokaa vizuri kama hilo. Sakafu ya mto inashuka, maji ya ardhini kando yake yanashuka nayo, mizizi ya miti ya kingoni inabaki juu, miti inakauka, kivuli kinaondoka, maji yanapata joto. Na watu pia wanaumia, daraja la Entre-os-Rios kule Ureno lilianguka Machi 2001 watu 59 wakafa, na uchimbaji wa mchanga kwenye ule mto ulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa.

Sasa njoo kwa wanyama. Samaki jamii ya samoni jike anachimba kitalu kwenye changarawe kwa mkia wake, anataga, anafunika, na mayai yanaishi kwa sababu maji yanapita katikati ya mawe yakiwapelekea oksijeni. Tope laini likitoka kwenye machimbo likaziba zile nafasi mayai yanakosa hewa yanafia humohumo. Ukiangalia kwa juu mto uko safi tu, mawe yapo, maji yanatiririka.

Mfano unaoniumiza zaidi ni wa kome wa maji baridi wa Ulaya, wale wenye lulu. Mabuu yao yanajishika kwenye mashavu ya samoni au trauti, yakikua kidogo yanadondoka, alafu kome mchanga anakaa amejifukia ndani ya changarawe safi karibu miaka 5 kabla hajatokeza. Akipita hapo anaweza kuishi zaidi ya miaka 100. Unaona hatari yake? Changarawe ikishajaa tope watoto wote wanakufa lakini wazee bado wapo, miaka 40, miaka 60, mtu anakuja anahesabu anaona kome kibao anaandika kwenye ripoti mto uko hai, kumbe ni mto wa wazee watupu na hakuna hata mmoja wa kuwarithi.

India, mto Chambal, yuko mamba mwenye pua ndefu nyembamba anayeitwa ghariali, yuko kwenye kundi la walio hatarini zaidi kutoweka duniani. Anataga kwenye fungu la mchanga pembeni ya mto tu, hana kwingine, na hayo mafungu ndo yanayobebwa na matrekta ya wachimbaji. China nako, baada ya uchimbaji mchanga kuzuiwa kwenye mto Yangtze karibu mwaka 2000 meli zilihamia ziwa Poyang, zikachimba mpaka mfereji wa kutolea maji ukawa na kina kikubwa, kwa hiyo kiangazi ziwa linakimbia maji haraka kuliko zamani, na hapo ndipo karibu korongo weupe wote wa Siberia duniani wanapopitisha baridi wakila mizizi ya mimea ya majini. Ndani ya ziwa hilohilo na mto wake wamo pomboo wasio na pezi la mgongoni, sensa ya 2017 ya mto wote na maziwa yake ilikuta kama 1,012 tu.

Kwa hiyo darasani waambie nchi kavu, mbali na mto, ukingo mpana ukiachwa katikati. Na ukingo uwe mpana kweli, kwa sababu mito ina tabia ya kurudi. Mto Tuolumne kule California ulivunja kingo ukaingia kwenye mashimo ya zamani ya changarawe, maji yakatulia humo yakawa ya vuguvugu, samaki wala wenzao wakayafanya kambi, na samoni wadogo wakiwa safarini kushuka baharini wanaliwa hapo.

Mimi ni dereva wa kijiko. Wiki iliyopita nimekuta matundu kama 30 kwenye lundo la mchanga ambalo tulitakiwa tulipakie Jumatatu, ndege wanaingia na kutoka. Bosi anasema ni ndege tu. Nifanyeje? Nimeogopa hata kuligusa. (Dereva)

Kaka yangu, kwanza asante kwa kusimama. Wengi wangeshusha kijiko bila kuangalia.

Hao kwa maelezo yako ni mbayuwayu wa kingoni, kama wana rangi nyingi na mdomo mrefu uliopinda basi ni keremkerem. Wote wanachimba tundu linaloingia ndani karibu mita nzima, na wanapenda ukuta wa mchanga uliosimama wima kwa sababu nyoka na paka hawawezi kuupanda. Zamani kuta hizo zilitengenezwa na mito ikila kingo zake, siku hizi mito imebanwa kwa saruji hivyo ndege wamehamia kwenu. Kwa hao mbayuwayu, Ulaya na Amerika ya Kaskazini sehemu kubwa wanazalia kwenye machimbo ya mchanga na changarawe, Kanada wamewaweka kwenye orodha ya ndege walio hatarini tangu 2017. Kwa hiyo si ndege tu, hapo ulipo wewe ndo makazi yao yenyewe.

Cha kufanya, acha hilo lundo. Mbayuwayu kutoka kutaga mpaka watoto waruke ni wiki 5 mpaka 6 hivi, na wanaweza kurudia mara ya pili msimu huohuo, keremkerem wanakwenda hata miezi 2. Usiangalie kalenda peke yake, kaa mbali dakika 20 asubuhi uangalie kama bado wanaingia na wadudu mdomoni. Wakiingiza chakula maana yake kuna watoto. Zungushia kamba, waambie na wenzako wa zamu ya usiku, manake mara nyingi habari haifiki kwao. Na muulize mtu wa mazingira wa kampuni yenu kuhusu sheria, nchi nyingi zinakataza kabisa kuharibu kiota chenye mayai au watoto, bosi akilijua hilo mara nyingi analegea.

La mwakani ni rahisi zaidi na halina gharama yoyote. Kabla msimu haujaanza, malundo mtakayoyapakia yalalishwe mteremko, yasiwe yamesimama, ukishalaza chini ya nyuzi 70 hivi ndege hawaupendi. Alafu kwenye kona ambayo hamtaifanyia kazi, wewe mwenyewe na kijiko chako kata ukuta mmoja wima wa mchanga laini, kimo cha mita 2 au 3, uangalie panapoingia maji usiporomoke. Watahamia huko wenyewe. Kila mwaka uukwangue uso wake kidogo baada ya wao kuondoka kwa sababu matundu ya zamani yanajaa viroboto. Uingereza keremkerem ni mgeni adimu kabisa lakini mwaka 2022 walizaa kwenye machimbo ya mchanga Norfolk, kabla ya hapo 2017 walijaribu kuzaa kwenye machimbo Nottinghamshire, watu wakasafiri kutoka mbali kuja kuwaona. Ndege kama hao wanaokolewa na dereva mmoja aliyeangalia kabla ya kushusha kijiko, na nimefurahi kwamba kwenu dereva huyo ni wewe. Niandikie tena uniambie iliishaje.

Kampuni imeahidi kwamba ikimaliza itarudisha ardhi kama ilivyokuwa na kupanda miti. Tutajuaje kama wana nia ya kweli? (Mjumbe wa kamati ya kijiji)

Ndugu mjumbe, ukisikia "tutarudisha kama ilivyokuwa" jua hapo tayari kuna tatizo, kwa sababu haiwezekani. Kokoto imeondoka, ardhi imeshuka mita kadhaa, maji yamebadilika. Kinachowezekana ni kutengeneza kitu kingine kilicho hai, na hicho kinapangwa kabla ndoo ya kwanza ya kokoto haijachotwa, sio baada ya ile ya mwisho. Baada ya ile ya mwisho hela imeshatumika na mitambo imeshaondoka.

Nenda kaangalie udongo wa juu. Hicho ndo kipimo changu cha kwanza na sijaona kikikosea. Kampuni yenye nia inautoa kivyake, haichanganyi na wa chini, inauweka kwenye matuta mafupi ambayo magari hayapandi juu yake, haiugusi ukiwa umelowa, na ikiwezekana inauhamisha moja kwa moja kwenda kutandazwa sehemu iliyokwisha chimbwa, manake udongo ukikaa kwenye lundo refu miaka kadhaa ndani kunakosa hewa, mbegu zinaoza na kuvu za mikoriza zinazosaidia mizizi zinakufa, unabaki vumbi la kahawia tu. Ukikuta udongo wa juu umetumika kujazia barabara ya tipa, hiyo miti waliyoahidi itakuwa ya kupigia picha.

Cha pili uliza dhamana. California wana sheria tangu 1975 inayosema mchimbaji wa madini, na kokoto imo, lazima awe na mpango wa kukarabati ardhi ulioidhinishwa na fedha za dhamana, ili akikimbia au akifilisika kazi ifanyike kwa hela yake. Bila fedha zilizofungiwa mahali ahadi ni maneno. Na cha tatu, waulize kama wataanza kukarabati wakiwa bado wanachimba, kipande baada ya kipande. Wakisema watafanya yote mwishoni miaka 20 ijayo, nyie mtakuwa mnaongea na watu wengine kabisa.

Kuhusu miti. Hapa wengi hawatanipenda ila nitasema. Miti sio jibu la kila shimo. Kuna wanyama wanaotaka ardhi tupu, yenye mawe na jua, kitwitwi mdogo mwenye pete ya njano machoni hakuwahi kuzaa Uingereza mpaka 1938, alafu akaenea nchini hasa kwa sababu ya machimbo ya changarawe, anataga chini kwenye kokoto wazi. Ujerumani kuna chura mwenye tumbo la njano anayezaa kwenye vidimbwi vya muda, hata vile vinavyotokana na matairi ya mitambo, kwa sababu vinapata joto haraka na havina samaki wa kula viluwiluwi. Nyuki wapweke nao wanachimba kwenye mchanga mtupu. Ukija na miche 5,000 ya aina moja ukaipanda kwa mistari umefunika yote hayo, umepata kijani cha kuonekana kwenye kalenda ya kampuni na umefukuza waliokuwa wameshahamia. Lazima pabaki mchanganyiko, pengine miti, pengine nyasi, pengine patupu kabisa, na pale patupu pakwanguliwe tena kila miaka kadhaa la sivyo pataota.

Na miti ikipandwa, uliza ni mti gani na nani anaishi nao. Mfano wa jirani zetu wa Bamburi, Mombasa, naurudia kila mara, japo lile lilikuwa machimbo ya mawe ya matumbawe ya kutengenezea saruji na sio kokoto. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo Rene Haller alikuta jangwa la mwamba mweupe, maji ya chini yana chumvi, akajaribu aina 26 za miti, zikaweza 3 tu. Mvinje ndo uliobeba kazi kwa sababu mizizi yake ina vijidudu vinavyokamata naitrojeni ya hewani. Lakini sindano za mvinje zilidondoka zikakaa hazioozi, ni ngumu, hamna udongo unaotengenezeka. Kilichotatua ni jongoo! Aliwaleta jongoo wakala zile sindano, kinyesi chao kikawa mboji, bakteria wakaendelea, ndo mimea mingine ikaweza kuota na wanyama wakafuata mpaka viboko. Miaka na miaka ya mtu kuangalia chini ya mti na kujiuliza kwanini jani halioozi. Kampuni yenu ina mtu wa namna hiyo? Atalipwa kwa muda gani baada ya miti kupandwa? Hilo liwekeni kwenye maandishi.

Machimbo ya zamani karibu na sisi yamejaa maji. Wengine wanataka yafukiwe, wengine yaachwe. (Msomaji wa siku nyingi)

Yakiwa salama, mimi naelekea kwenye kuacha, lakini sio kuacha yalivyo.

Shimo likiachwa kama kijiko kilivyolimaliza linakuwa kama bakuli, kingo wima, kina papo hapo. Mtoto akiteleza hatoki, mbuzi haji kutoka, na hata kwa viumbe wa majini ni karibu jangwa, kwa sababu uhai mwingi wa ziwa uko kwenye maji ya kina kifupi ambako mwanga unafika chini na mimea inashika mizizi. Kwa hiyo kazi kubwa ni kulaza kingo, mteremko wa taratibu, ufuo uwe na mikunjo usiwe umenyooka, kiachwe kisiwa kimoja au viwili kwa ndege wanaoogopa mbweha na paka, na pembeni vichimbwe vidimbwi vidogo visivyoungana na ziwa ili vyura wapate mahali pasipo samaki. Na msipandikize samaki wa kigeni, tafadhali sana. Watu wanaona maji wanawaza samaki, wanamwaga vifaranga, mwaka wa pili hakuna kiluwiluwi hata mmoja, na mafuriko yakija wale samaki wanatoka wanaingia mtoni.

Inawezekana, hili nataka muamini. Kibisi mwenye kishungi alikaribia kumalizwa Uingereza karne ya 19 kwa ajili ya manyoya ya kofia, na machimbo ya changarawe yaliyojaa maji yakawa mojawapo ya vitu vilivyomrudisha. Eneo la Attenborough karibu na Nottingham walianza kuchimba changarawe 1929, ilipofika 1966 pakawa hifadhi. Cambridgeshire kuna eneo linaitwa Ouse Fen ambalo bado linachimbwa na huku nyuma linageuzwa kuwa matete, mpango ni hekta 700, matete peke yake hekta 460, na ndege mmoja wa jamii ya kulastara anayejificha kwenye matete, ambaye nchi nzima alikuwa amebaki wachache mno, ameshaingia anazaa. Ila mashimo yenye sumu au takataka za viwandani hayo siyaongelei, hayo yaitiwe wataalamu kwanza, na kufukia shimo kwa takataka ndo mbaya kuliko yote kwa sababu liko wazi moja kwa moja kwenye maji ya ardhini mnayokunywa.

Hizo kokoto na mchanga zikipelekwa kufukia bahari, kuna madhara pia? Na sisi watu wa kawaida sauti yetu inasaidia nini? (Wasomaji wawili, nimeunganisha)

Hapo mnyama anaumizwa mara mbili, kule mchanga ulikotoka na huku unakomwagwa. Watu wanaona tope la pwani maji yakitoka wanasema ni ardhi ya bure haina kitu. Korea Kusini walijenga ukuta wa kilomita 33 pale Saemangeum, ukafungwa 2006, ukakata fukwe za tope ambazo ndege wa pwani wanaoruka kati ya Siberia na Australia walikuwa wanashukia kula ili wamalize safari. Baada ya hapo hesabu za ndege mmoja kati ya hao, Wazungu wanamwita great knot, zilishuka vibaya, 2015 akatangazwa kuwa hatarini kutoweka. Hawakuhamia pengine, mama wa barua ya kwanza alikuwa sahihi.

Kuhusu sauti, Singapore ni nchi iliyoongeza ardhi yake kwa kufukia bahari kuliko karibu nchi yoyote, na hata hapo, 2001, watu wa kujitolea walishuka kwenye ufuo wa Chek Jawa maji yakiwa yametoka, wakaandika kila walichokiona, nyota wa bahari, jongoo bahari, majani ya bahari, wakapiga picha, wakapeleka. Mwishoni mwa mwaka serikali ikaahirisha ufukiaji na ufuo uko mpaka leo.

Kwa hiyo anzeni kuandika sasa, kabla leseni haijaombwa, manake tathmini ya mazingira mara nyingi inafanywa kwa siku chache za kiangazi na mtaalamu anaandika "hakuna vyura" kwa sababu hakuna mvua. Nyinyi mpo mwaka mzima. Daftari moja, tarehe, saa, mahali, umeona nini, wangapi, walikuwa wanafanya nini, kiota au mayai yapigwe picha kwa mbali bila kugusa. Usiku wa mvua ya kwanza mtu atoke na simu arekodi sauti za vyura kila dimbwi, dakika 5 zinatosha, kila aina ina mlio wake na mtaalamu anaweza kuzitambua baadae. Na siku mkienda msione kitu andikeni pia kwamba mlienda hamkuona, bila hivyo hesabu yenu itapingwa. Nakala moja ikae kwa mtu mwingine nje ya kamati.

Wale mlioniuliza kuhusu mbu kwenye mashimo yenye maji, barua zenu ninazo, nitajibu toleo lijalo.